Askari wa Angani katika Wadi ya Wanaume

Wajukuu wangu hucheka wanapoona vitabu nilivyopanga kando ya kitanda. Wanatarajia Biblia, na Biblia ipo, lakini vilivyobaki ni riwaya za vita vya angani: askari wenye kofia za kioo, vyombo vinavyoruka kutoka nyota hii hadi ile, majenerali wanaogombania miezi ambayo hakuna mtu amewahi kuikanyaga. "Nyanya, wewe na bunduki wapi na wapi?" huniuliza. Huwa siwajibu, kwa sababu jibu lake ni refu na wao wana haraka zao.

Nimesoma riwaya nyingi za namna hiyo, na zipo tatu ninazozipenda kupita zote. Zote tatu nilizisoma miaka ya hamsini ikielekea kwisha, nikiwa msichana wa kazi katika hospitali moja ya Nakuru, na sidhani ningezipenda hivyo kama ningezisoma peke yangu.

Nilizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Njoro. Baba alikamua ng'ombe, mama alichuma pareto. Shule ya misheni ilinipa Kiingereza cha kusoma, na Kiingereza hicho ndicho kilichonipatia kazi katika wadi ya wanaume Waafrika. Nilitandika vitanda, nikabeba mabeseni, nikaosha waliokuwa hawawezi kujiosha. Wadi ya Wazungu ilikuwa jengo jingine, ng'ambo ya bustani ya maua, na huko nilikwenda kuchukua takataka tu.

Siku moja aliruhusiwa kutoka huko kijana wa Kiingereza, askari aliyevunjika bega kwa kuanguka na pikipiki. Aliacha nyuma katoni ya vitabu vyembamba vyenye majalada ya karatasi. Sista, muuguzi mkuu wa Kizungu aliyesimamia wadi zote mbili, aliniamuru nikavichome pamoja na magazeti ya zamani. Nilifika hadi kwenye tanuri, nikaangalia jalada la kitabu cha juu, kisha nikarudi nayo katoni yangu kichwani.

"Hii takataka ya watoto," Sista akaniambia kwa Kiswahili chake cha kisetla, kilichovunjika-vunjika. "Wewe nataka ya nini?"

"Nataka kujizoeza Kiingereza, Sista."

Alinitazama kidogo. "Basi chukua. Lakini kazi kwanza."

Vitabu hivyo nikawa navisoma wakati wa mapumziko ya mchana, nimeketi kwenye ngazi za veranda, mgongo wangu ukipata jua. Vingi vilikuwa vya mapenzi na vya wapelelezi, na sikuvijali sana. Vya askari wa angani ndivyo vilivyonishika. Nilikuwa nimekua nikiitazama milima, nikaizoea, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huko juu kupita mawingu kunaweza kuwa mahali, penye njia na vituo na watu wenye shida zao.

Kisha wakamleta mzee wa Kariandusi.

Hakuwa mzee kwa umri, ila tulimwita hivyo kwa heshima. Alifanya kazi huko Kariandusi, kwenye machimbo ya ule udongo mweupe karibu na Elmenteita, udongo mwepesi kama unga, na siku hiyo ukuta wa machimbo ulikuwa umemwangukia na kumvunja paja. Alipofika alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kope. Nilipomwosha, maji ya beseni yaligeuka kama maziwa. Hakulia, hakusema neno. Daktari aliufunga mguu wake, ukaning'inizwa kwa kamba na vizito vya chuma, na tukaambiwa atalala hivyo kwa muda mrefu.

Alilala kimya kabisa. Wagonjwa wengine walimsalimia, akawaitikia kwa kichwa. Ukimletea chakula alisema "asante," na hapo maongezi yakaisha. Kitanda chake kilikuwa karibu na mlango wa veranda, kwa hiyo mchana nilipokaa kwenye ngazi aliniona vizuri. Siku moja nikasikia sauti nyuma yangu.

"Dada. Huyo kwenye karatasi ni askari?"

Niligeuka. Alikuwa anaangalia jalada. Palikuwa na mtu ndani ya kofia ya kioo, amesimama kwenye vumbi jekundu na bunduki kubwa.

"Ni askari, mzee. Anapigana angani."

"Bunduki ameishika vibaya. Akipiga hivyo, kitako kitamvunja taya."

"Umewahi kuwa askari?"

"Keya," akasema, yaani lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. "Burma." Kisha akalionyesha jalada kwa kidevu: "Huyo anapigania nini?"

Nikamweleza. Hiki ndicho kitabu cha kwanza kati ya vile vitatu. Kikosi kidogo cha askari kimeachwa kwenye nyota yenye vumbi tupu, kilinde mtambo unaotengeneza hewa. Chombo cha kuwachukua kimechelewa, na hakuna anayejua kwa nini. Adui yuko ng'ambo ya ukuta wa mwamba. Hawajawahi kumwona, wanasikia tu anavyougonga ule mwamba. Na kila asubuhi sajini wao anawalazimisha kupangusa viatu, ingawa vumbi linarudi papo hapo.

"Huyo ni sajini kweli," mzee akasema. "Soma."

Nikaanza kusoma, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili hapo hapo kinywani. Haikuwa rahisi. Maneno mengine sikuyajua kwa lugha yoyote. Mtambo wa hewa niliufananisha na ile pampu ya maji ya stesheni, na vumbi la ile nyota nililieleza kuwa kama la machimboni kwao, ila jekundu. Hapo akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao.

Baada ya siku chache nilikuwa sisomi tena kwenye ngazi. Niliingia ndani, nikakaa kwenye stuli kati ya vitanda, na wadi nzima ikasikiliza. Aliyepinga ni mmoja tu, mzee wa kanisa aliyepasuliwa ngiri.

"Binti," akaniambia, "huko juu ni kwa Mungu. Hao watu wanapigana wapi?"

Kabla sijajibu, mzee wa Kariandusi alisema kutoka kitandani kwake, "Hata Burma ni kwa Mungu, mzee wangu. Na tulipigana."

Mzee wa kanisa aligeukia ukutani. Lakini nilipofika mahali ambapo chakula cha wale askari kimepungua, nikakohoa na kusimama kidogo, ni yeye aliyeuliza huku bado ametazama ukuta, "Sasa wanakula nini?"

Sista alitukuta siku hiyo hiyo. Alisimama mlangoni na wadi ikanyamaza. Nilisimama na kitabu mkononi, nikingoja kufukuzwa kazi. Yeye akatazama vitanda vyote, kimoja baada ya kingine. Kwa kawaida saa hizo kulikuwa na kelele: huyu anataka dirisha lifungwe, yule anataka lifunguliwe, mwingine anadai maji aliyokwisha kunywa. Sasa wote walikuwa wametulia kama watoto walioahidiwa sukari.

"Baada ya chai," Sista akasema. "Kila siku, nusu saa tu. Na ile mtu ya Kariandusi iache kujipinda kutazama kitabu. Mguu yake itaharibika."

Alipoondoka, mtu mmoja wa kitanda cha mwisho akasema, "Mama huyo naye angekaa asikilize," na tukacheka kwa sauti ya chini.

Tulipokaribia mwisho wa kitabu, lile gonga-gonga la adui nyuma ya mwamba lilikoma. Askari waliamka asubuhi wakakuta kimya. Nilifunga kitabu hapo kwa sababu nusu saa ilikuwa imekwisha, nikaanza kukusanya vikombe. Nilipofika kwa mzee wa Kariandusi alinishika mkono wa kanzu yangu ya kazi.

"Aliyeandika haya alikuwa vitani," akasema polepole. "Sisi tulikuwa na mtu wa kukohoa."

Sikuelewa. Nikaketi.

"Tulikuwa upande huu wa kijito, Wajapani upande ule. Mvua haikatiki. Hatukuwaona, msitu ulikuwa mzito. Lakini mmoja wao alikuwa na kifua. Anakohoa, anakohoa, hapumziki. Mwanzoni tulikasirika, kisha tukamzoea. Tukawa tunasema, leo rafiki yetu amepata nafuu, leo amezidiwa. Koplo wangu alisema kama angekuwa na dawa angemrushia. Basi asubuhi moja nikaamka, sikusikia kitu. Nilikaa nikisikiliza. Wote tulikaa tukisikiliza. Hakuna aliyefurahi, dada. Ulikuwa ushindi huo, na hakuna aliyefurahi."

Nilimuuliza yule mtu alipatwa na nini.

"Sijui. Siku ile tuliondolewa hapo. Sikujua mpaka leo."

Kesho yake nilimalizia kitabu. Sajini alipanda ukuta wa mwamba peke yake, akawakuta adui wote wamekufa, hewa iliwaishia. Wale waliokuwa wakigonga walikuwa wanaomba hewa. Sajini aliwaita vijana wake, wakawazika, na baada ya kuzika akawaamuru wapanguse viatu. Nilipomaliza, mzee wa kanisa alisema amina. Hakuna aliyemcheka.

Jumapili ilipofika, mke wa mzee wa Kariandusi alikuja kumwona kama kawaida yake, na kibuyu cha maziwa lala na viazi vitamu vilivyochemshwa vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu, ambaye kwa kawaida alizungumza na wadi nzima kwa sababu mumewe hakuzungumza. Alinivuta pembeni.

"Dada, nasikia huyu anaongea hapa. Ni kweli?"

"Anaongea, mama."

"Anasema nini?"

Sikuona vizuri kumtolea mtu maneno yake. Nilichukua kitabu, nikaketi kati yao, nikamsomea yule mama mahali ambapo gonga-gonga linakoma na askari wanasikiliza. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza alimgeukia mumewe, na mumewe akamweleza habari za mtu wa kukohoa. Alieleza vile vile alivyonieleza mimi, ila kwa lugha ya kwao, nami nilishika neno moja moja tu. Nikainuka niwaache. Nilimsikia mama akijibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Kumbe ndiyo maana unatoka nje alfajiri, unakaa kimya hivyo? Miaka yote hii nilidhani umenikasirikia mimi."

"Nikukasirikie kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nafikiri ni chumvi ya chakula."

Mzee alimtazama, kisha akachukua kiazi, akakigawa, akampa nusu. Nilirudi kwenye mabeseni yangu nikiwa na furaha ambayo sikujua niipeleke wapi.

Wakati huo ndipo ilipokuja habari ya Warusi. Mpishi wa hospitali alikuwa na redio, na asubuhi moja alikuja mbio wadini kutuambia kwamba Warusi wamerusha kitu angani na kinaizunguka dunia. Wagonjwa wote walinigeukia mimi, kana kwamba niliagiza mimi.

"Ndani kuna askari wangapi?" akauliza mmoja.

"Hakuna mtu. Ni mpira wa chuma tu, unalia."

"Basi ndivyo jeshi lilivyo," akasema mzee wa Kariandusi. "Kinatangulia kitu kisichodai mshahara. Mtu atafuata."

Mzee wa kanisa, ambaye sasa aliweza kutembea, alitoka hadi veranda akashika tumbo lake lililoshonwa na kuangalia juu ya mlima Menengai kwa muda mrefu. Aliporudi aliuliza kama ule mpira unaweza kuangukia Nakuru. Nilimwambia sidhani. Alisema afadhali tuanze kitabu kingine tukiwa bado tuko salama.

Kitabu cha pili kilikuwa kibaya, na nakipenda hadi leo. Ndani yake kuna nahodha mmoja anayeshinda jeshi zima la nyota nyingine peke yake, kwa bunduki isiyoishiwa risasi. Halali, hali, haendi haja. Wadi ilimfurahia kupita kiasi. Kila alipoua adui wengine, mzee wa Kariandusi aliuliza kwa upole, "Na huyu, amekula lini?" na wadi nzima ikaangua kicheko mpaka wenye mishono wakaomba nisimame. Mzee wa kanisa ndiye aliyekipenda zaidi. Siku aliyoruhusiwa kwenda nyumbani aliniomba nimsomee tena pale nahodha anaporuka kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kamba, na mwanawe aliyekuja kumchukua ikabidi angoje.

Kitabu cha tatu nilikisoma kwanza peke yangu, na kwa siku kadhaa sikumwambia mtu. Hakina mapigano mengi. Kinahusu dresa, mfunga vidonda, kwenye chombo cha hospitali, wakati dunia mbili zinapigana. Analetewa majeruhi wa adui, kiumbe ambaye mwili wake haufanani na wetu. Hakuna anayejua moyo wake uko wapi, damu yake ni ipi, wala akitoa sauti ni maumivu au ni shukrani. Wakubwa wanasema aachwe. Dresa anakataa. Anakaa naye, anamgusa hapa, anangoja, anamgusa pale, anangoja, mpaka anajifunza mahali panapouma na mahali pasipouma. Nilikuwa nimeosha watu wengi bila kujua ndani yao kuna nini. Nilijua wapi pa kufunga kwa kuwa niliambiwa fungia hapo. Nilisoma kurasa zile nikasikia wivu, wivu wa kweli, juu ya mtu ambaye hayupo.

Nilipokisoma wadini, wengine walikiona kimepoa, wakaniuliza nahodha atakuja lini. Mzee wa Kariandusi alisikiliza hadi mwisho. Nilipokuwa nampa maji aliniambia, "Hiki umekisoma kwa sauti nyingine."

"Sauti gani, mzee?"

"Vile vingine ulitusomea sisi. Hiki ulijisomea mwenyewe." Akanywa, akanirudishia kikombe. "Kuna shule ya hayo mambo?"

"Ipo. Ya wauguzi. Lakini lazima Sista akuandikie."

"Basi mwombe. Umeshika kitabu mbele yake na hukufa."

Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri. Nilimkuta Sista kwenye chumba cha dawa akipanga chupa. Nilisema nilichotaka kwa Kiingereza, sentensi nilizokuwa nimezikariri nikisugua sakafu. Alifungua kabati, akatoa kitabu kinene chenye picha za mifupa na mishipa, akakiweka mezani.

"Wewe nasoma ile kipuuzi mpaka wanaume kumi na tano nanyamaza," akasema. "Soma hii pia. Mwezi kesho nitakuuliza maswali. Kama najibu vizuri, naandika."

Mwezi ulipokwisha aliniuliza maswali akiwa amesimama, na mimi nimesimama. Nilikosea ini na wengu. Mengine nilijibu. Aliandika.

Mzee wa Kariandusi aliondoka hospitalini kwa magongo kabla sijaenda shule. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, na machimboni wakampa kazi ya kukaa langoni. Mkewe aliniagiza nije kwao kabla sijaondoka Nakuru. Siku zile za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni hukuweza kujiendea tu, kwa hiyo Sista alinipatia kibali, na Jumapili moja nikapanda treni hadi Elmenteita nikiwa na kitabu cha nahodha kwenye kikapu, maana ndicho walichotaka.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mstari wa nyumba za wafanyakazi, na vumbi jeupe lilikuwa juu ya kila kitu, hata majani ya sukuma wiki. Mama alichinja kuku. Majirani walijaa hadi mlangoni nilipoanza kusoma, lakini sikumaliza hata sura moja. Mzee alikuwa ameanza kueleza jinsi ilivyo kweli mtu akikaa siku nyingi na buti zenye maji, mmoja akauliza swali, yeye akajibu, na kitabu kikabaki wazi mapajani mwangu. Nilimtazama akiongea. Nilikumbuka mtu mweupe wa vumbi aliyeletwa kwenye machela, nikaona kana kwamba yule alikuwa ndugu yake tu aliyefanana naye.

Jikoni nilimuuliza mama kama mzee bado hutoka nje alfajiri.

"Hutoka," akasema huku akipakua wali. "Lakini sasa namfuata na chai. Tunakaa. Wakati mwingine anasema kitu, wakati mwingine hasemi. Mimi nilikuwa nalala tu saa hizo, sikujua kumbe ndege wa ziwani wanaanza kuruka mapema hivyo."

Jioni walinisindikiza stesheni, mzee akitembea polepole na fimbo. Njiani tuliongea juu ya ule mpira wa Warusi, na kama siku moja watu wa kawaida watapelekwa kuishi huko juu.

"Kama kuna maji na kashamba kadogo, mimi naenda," mama akasema. "Lakini si kwa uaskari. Uaskari watafute wengine."

"Na mimi nitakuwa wapi?" mzee akauliza.

"Wewe utalinda lango."

Alicheka, kicheko kirefu kutoka tumboni, akasimama katikati ya njia na kuegemea fimbo mpaka kikaisha. Kisha tulisikia treni ikija kutoka upande wa Gilgil, na mama akanipokonya kikapu ili tuharakishe.